Mgeni Njoo, Fundi Apone

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Frere Town mbele ya waelekezi wa watalii, madereva wa tuktuk na teksi, wachuuzi, mafundi na wakazi, kuhusu ununuzi wa kazi za mikono moja kwa moja kutoka kwa aliyezitengeneza.



Mada ya leo ukiitazama kwa juu ni ndogo. Ni habari ya kinyago, kikapu, mkufu wa shanga, kofia na mkeka. Lakini kila mgeni anayeondoka Mombasa hubeba kitu mkononi, na ndani ya kitu hicho mna swali moja zito: pesa alizotoa zimefika kwa nani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi mgeni amekuja, akanunua, akaenda zake, na fundi aliyechonga hajapona. Waliopona ni wale waliosimama katikati.

Hili linawahusu hata wasiouza kitu. Mkazi wa Frere Town anayesafiri kwenda Nairobi, Kisumu au Zanzibar naye ni mgeni huko aendako, na hununua zawadi. Kwa hiyo yatakayosemwa hapa yamfae anayeuza, anayempeleka mnunuzi, na anayenunua.

Mji wa mafundi

Ni vyema mazungumzo haya kufanyika Frere Town, maana huu ni mtaa uliojengwa na watu wa kazi za mikono. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Zanzibar kuhusu biashara ya watumwa, na mwaka huo huo Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, wamisionari wa CMS walianzisha makao ya watumwa waliokombolewa upande huu wa bara, ng'ambo ya kisiwa, wakayapa jina la Frere. Kengele iliyopigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia ingali na mnara wake, na ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake.

Jambo lisilotajwa sana ni hili: miongoni mwa waliouanzisha mji huu walikuwamo Waafrika waliokombolewa baharini, wakalelewa Nasik kule India, kisha wakarudi Afrika Mashariki. Huko Nasik walikuwa wamefundishwa useremala, uhunzi, uashi na kazi nyingine za mikono. Walirudi na elimu ya vitabu na ufundi pia. Mtu aliyenyang'anywa kwao, jina lake na jamaa zake alijijengea heshima upya kwa randa na nyundo. Katika mtaa wenye historia hiyo, kumlipa fundi chini ya haki yake ni kuisahau historia yenyewe.

Kitu halisi ni kipi?

Wageni wengi huuliza, "Hiki ni cha asili?" Muuzaji hujibu ndiyo, na mazungumzo yakaishia hapo. Swali lenyewe lina kasoro. Mgeni hudhani kitu cha asili lazima kiwe cha kale, kilichotumiwa na mababu. Sivyo ilivyo.

Chukua vinyago vya Wakamba, ambavyo ndivyo vinavyojulikana zaidi katika kaunti hii. Uchongaji wa vinyago vya kuuza ulianza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sifa hupewa Mutisya wa Munge, mzaliwa wa Wamunyu huko Ukambani, aliyechukuliwa wakati wa vita, akajifunza kwa wachongaji wa Kizaramo huko Tanganyika, akarudi kwao na ufundi huo. Kutoka Wamunyu kazi ikasambaa, wachongaji wakaifuata bandari na wageni hadi Mombasa. Mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, wakaunda ushirika wao wa Akamba Handicraft huko Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz. Tangu mwanzo, twiga na mmaasai wa mti vilichongwa kwa ajili ya msafiri. Hilo si aibu. Jahazi nalo huundwa kwa ajili ya abiria na shehena.

Basi kitu halisi kinajulikana kwa mambo matatu. Kwanza, kimetengenezwa kwa mkono na mtu anayeweza kutajwa. Pili, kimetengenezwa kwa malighafi ile ile inayotajwa: anayesema ni mpingo, uwe mpingo. Tatu, habari inayoambatana nacho ni ya kweli. Kitu kilichochongwa jana kwa uaminifu ni halisi kuliko "kinyago cha miaka mia" kilichopakwa tope na kuzikwa shambani wiki mbili ili kizeeke.

Mahali pa kumkuta fundi

Upande wa bara wa Mombasa una bahati ya kuwa na sehemu mbili kubwa ambamo mnunuzi anamwona fundi akiwa kazini.

Ya kwanza ni hiyo ya Changamwe. Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Moi, au anayeshuka treni ya SGR pale Miritini, yuko karibu na wachongaji kuliko alivyo karibu na hoteli yake. Anaweza kuingia, akapita katikati ya vibanda, akaona gogo likipigwa tezo hadi umbo litokee, kisha patasi, kisha kisu, kisha msasa, kisha rangi ya kiatu au nta kwa kung'arisha. Kazi hugawanywa: huyu hodari wa wanyama, yule wa bakuli, mwingine wa vinyago vya sura. Kila mwanachama ana nambari yake, na kazi inapouzwa katika duka la ushirika, nambari ndiyo inayoonyesha malipo yaende kwa nani baada ya ushirika kukata sehemu yake. Anayenunua huko ananunua kwa mtu, hata kama hakukutana naye.

Ya pili iko jirani kabisa, barabara ya Malindi ukitoka Kengeleni: Bombolulu. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 chini ya Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, ambacho chenyewe kilianzishwa mwaka 1958. Hapo mafundi wenye ulemavu hutengeneza vito vya shaba na mbegu, mifuko na mikanda ya ngozi, nguo za kushonwa na vitu vya mbao. Mgeni huonyeshwa karakana, halafu dukani. Kuna watu wanaonunua Bombolulu kwa huruma. Hiyo ni kuwakosea mafundi. Mkufu wa Bombolulu unanunuliwa kwa sababu ndoana yake haikatiki na shaba yake imesuguliwa ipasavyo. Fundi anataka mteja, hataki mfadhili.

Lakini si kila fundi yuko katika karakana yenye bango. Kuna kazi kubwa inayofanyika barazani, Kisauni, Likoni, Mtongwe, na hata katika nyumba za hapa Frere Town, na mara nyingi ni ya wanawake. Mkeka mmoja huanza kwa miyaa kukatwa, kukaushwa, kuchanwa na kutiwa rangi. Kisha husukwa ukili, mlia mrefu uliokunjwa kama utepe. Kisha ukili huo hushonwa upande kwa upande mpaka upate upana wa kitanda. Kwa mikono hiyo hiyo hupatikana msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula, kipepeo na kikapu. Na kofia ya viua, ile yenye vijitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, humchukua mshonaji wiki kwa wiki, na ile nzuri sana huchukua miezi. Ndiyo maana bei yake humshangaza asiyejua. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hawa wa barazani ndio wanaopunjwa zaidi, kwa sababu hawana duka na mgeni hawaoni. Mwelekezi anayewajua ndiye mlango wao.

Vitu vinavyopaswa kusemwa ukweli wake

Uaminifu unadai kusema pia kile ambacho si kazi ya mkono. Kanga ni fahari ya pwani, na duka la Mali ya Abdulla katika Biashara Street, mjini Mombasa, limekuwa likiuza kanga tangu mwaka 1887. Lakini kanga hupigwa chapa kiwandani, na nyingi hutoka India. Uzuri wake uko katika jina lililoandikwa, rangi na pindo. Anayemwambia mgeni kwamba kanga imechorwa kwa mkono kijijini anadanganya bila sababu, maana kanga inajiuza yenyewe. Chema chajiuza.

Kikoi kinafumwa, ila kuna cha mashine na cha mkono. Cha mkono hakilingani kila uzi, na pindo zake za nyuzi zimesokotwa kwa vidole. Kikoi kinakumbusha pia kwamba mali ya jamii hulindwa: mwaka 2006 kampuni moja huko Uingereza iliomba kulisajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi hilo halikufua dafu. Kama lingepita, muuzaji wa Mombasa angehitaji ruhusa ya mtu wa ng'ambo kuuza kikoi huko kwa jina lake. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni.

Kiondo nacho kiliwahi kupata mtihani. Akina mama wa Ukambani na wa Mlima Kenya walikisuka kwa nyuzi za mkonge, na zamani za mbuyu. Kilipopendwa duniani, viwanda vya Asia vikakiiga kwa mashine na kuuza kwa bei ya chini. Kiondo cha mkono kina mwanzo unaoonekana chini, pale katikati ambapo nyuzi za kwanza zilifungwa, na kamba zake si laini kama za nailoni.

Mawe ya rangi ya maziwa na waridi yanayouzwa ufukweni ni ya Tabaka, Kisii. Ni kazi halisi ya mkono, lakini si ya Mombasa, na yamepita mikono kadhaa kabla ya kufika hapa. Yauzwe kwa jina lake. Mgeni akisikia kwamba jiwe limesafiri kutoka upande wa pili wa Kenya, ataliona la thamani zaidi.

Namna ya kutambua

Mnunuzi asiye fundi anaweza kujikinga kwa mambo machache.

Mti wa mpingo ni mzito sana, na kipande chake kikitiwa majini huzama. Weusi wake umo ndani ya mti, haukupakwa. Mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu huacha rangi kwenye kitambaa cheupe chenye maji kidogo, na chini ya kinyago, mahali ambapo brashi haikufika, hubaki mweupe. Kiwi yenyewe si kosa. Ni namna ya kumalizia kazi. Kosa ni kutoza bei ya mpingo.

Kitu kilichomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari mwembamba ubavuni, na wenzake kumi rafuni wanafanana hadi mkwaruzo. Kazi ya mkono hufanana kama ndugu, haifanani kama nakala.

Mti usiokauka vizuri hupasuka ukifika nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa joto na hewa huwa kavu. Mnunuzi amwulize fundi mti umekaa muda gani tangu ukatwe, na atazame kama kuna ufa mwembamba au vitundu vidogo vyenye unga, dalili ya dudu. Kipande kidogo kina hatari ndogo kuliko tembo mkubwa wa gogo zima.

Na dalili bora kuliko zote ni maswali. Muulize muuzaji nani alikitengeneza, wapi, kwa siku ngapi. Fundi hujibu haraka na mara nyingi hujibu kwa kirefu hadi mgeni achoke. Asiye fundi hubadilisha mazungumzo akarudi kwenye bei.

Mti unatoka wapi

Kwa muda mrefu wachongaji walitegemea mpingo na muhugu, ule mti wenye harufu nzuri. Miti hii hukua polepole mno. Ukataji wa muhugu uliumiza msitu wa Arabuko-Sokoke katika kaunti jirani ya Kilifi. Fundi anayemaliza msitu anamaliza karakana yake mwenyewe.

Suluhisho moja lilipatikana shambani. Mwarobaini, ambao kila nyumba ya pwani inaujua kwa dawa yake chungu, ulikuja kutoka Bara Hindi ukashika ardhi hii kama mwenyeji. Hukua haraka, huota tena ukikatwa, na mbao yake huchongeka. Wakulima wa pwani wakaanza kuwauzia wachongaji, na mwaka 2005 miti ya mashamba hayo na ushirika wa Changamwe vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha mbao zinazovunwa kwa utaratibu. Mnunuzi anayechagua mwarobaini badala ya mpingo anamlipa fundi, anamlipa mkulima, na anauacha msitu upumue. Mwelekezi alijue hili na alieleze, maana wageni wengi wa siku hizi huuliza.

Yasiyobebwa

Hapa kosa halina msamaha. Biashara ya pembe za ndovu na mapambo ya wanyama wa porini ilipigwa marufuku Kenya mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya uwindaji kupigwa marufuku, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Pembe, ngozi ya chui, magamba ya kasa na ng'amba: visinunuliwe, visiuzwe, visibebwe hata kama muuzaji anasema ni vya zamani. Matumbawe na makombe ya baharini yanayotembezwa ufukweni nayo yaachwe. Mgeni akikamatwa uwanjani, aliyemuuzia hayupo. Lakini jina la Mombasa lipo.

Mpingo una kanuni yake. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Tangu mwishoni mwa mwaka 2019 vitu vilivyokamilika vyenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena moja havihitaji kibali cha mkataba huo. Kinyago cha mkononi hakina shida; anayenunua kontena atafute vibali. Aendaye Australia au New Zealand atangaze kila kitu cha mti na majani anapowasili. Na mfuko wa kubebea plastiki umepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo fundi afunge mzigo kwa gazeti au karatasi, au auze na kikapu kabisa.

Hesabu ya katikati

Sasa lifuatalo ni gumu, na linawahusu hasa waelekezi na madereva waliomo humu. Ni kamisheni.

Chukua mfano wa hesabu, ambao si takwimu, ni mfano tu. Twiga wa mwarobaini amechongwa kwa siku mbili. Dukani, kando ya barabara ya hoteli, anauzwa shilingi 3,000. Dereva aliyemleta mgeni anapewa 900. Mchukuzi aliyetoa mzigo karakana ana 200. Mwenye duka, aliye na kodi, leseni na umeme, anabaki na 1,300. Fundi alilipwa 600. Toa mti na msasa, 250. Amebaki na 350 kwa siku mbili.

Sasa mgeni yule yule apelekwe kwa fundi, na anunue kwa 2,000. Ushirika ukate 400. Toa 250 za mti na msasa. Fundi amebaki na 1,350, karibu mara nne ya zile za kwanza. Mgeni amepunguziwa 1,000, na katika hiyo anaweza kumlipa dereva 700 za safari, waziwazi, bei iliyotajwa kabla ya kuingia garini, na bado akabaki na 300.

Dereva atasema: nimepoteza 200. Ni kweli, na haifai kumficha. Lakini zile 900 zilitegemea mgeni asijue kitu. Siku hizi mgeni ana simu, analinganisha bei akiwa bado ndani ya duka, na akigundua kwamba dereva alikula kwake anaondoka na hasira na hapigi simu tena. Mgeni aliyelipa nauli ya haki na kumwona fundi kwa macho yake hurudi kesho kwa safari ya Fort Jesus, keshokutwa kwa ya Haller Park, na humpa mwenzake nambari ya dereva yule. Mali ya uaminifu huja polepole, ila haina madeni.

Wala wenye maduka si maadui. Duka linafika mahali ambapo fundi hafiki, linabeba hasara ya miezi mikavu, linalipa leseni. Kinachotakiwa ni duka linaloandika jina la fundi, linalolipa papo hapo badala ya kuchukua mali kwa mkopo usiolipwa, na lisilosema kwamba kila kitu kimechongwa na "babu yangu".

Kupatana bila kukamua

Kupatana bei ni desturi ya pwani, na biashara haigombi. Mgeni asiogope kupatana. Muuzaji asitaje bei ya kumtisha ili ashuke robo. Lakini kuna mpaka. Anayenunua kwa mchuuzi wa tano anapunguza faida za katikati. Anayenunua kwa fundi mwenyewe akimkaba hadi shilingi ya mwisho, anapunguza unga wa nyumbani. Kipimo kizuri ni siku za kazi: mnunuzi aulize kazi ilichukua siku ngapi, agawe bei kwa siku hizo, kisha ajiulize kama yeye angefanya kazi kwa ujira huo.

Malipo yawe ya kuonekana. M-Pesa ipo tangu mwaka 2007, na mgeni anaweza kusajili laini kwa pasipoti. Fundi aliyelipwa kwa simu yake mwenyewe ana kumbukumbu ya mauzo ambayo kesho itamsaidia kuomba mkopo kwenye chama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wajibu wa mafundi

Mafundi nao wasidhani mazungumzo haya ni ya kuwasifu tu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari za kweli. Mtaalamu wa twiga anayeuza twiga mwenye mguu ulioungwa kwa gundi bila kusema, amevunja haki hiyo, na amemharibia jirani yake.

Kila kazi ibandikwe karatasi ndogo: jina au nambari ya fundi, aina ya mti au malighafi, mahali ilipotengenezwa, bei. Hiyo ni karatasi ya shilingi chache, na inafanya kazi ambayo maneno mengi hayafanyi. Mgeni huondoka nayo, na akiulizwa kwao, husema jina la mtu wa Changamwe au wa Frere Town, hasemi tu "nilinunua Afrika."

Na vijana wafundishwe. Kijana haachi tezo kwa uvivu. Huacha kwa sababu amemwona baba yake akilipwa 350 kwa siku mbili, na bodaboda inaingiza zaidi asubuhi moja. Hatarudi kwa mahubiri kuhusu utamaduni. Atarudi hesabu ikibadilika. Ndiyo maana mtindo wa mgeni kununua kwa fundi si adabu ya usafiri tu. Ni ndiyo au siyo kwa kazi ambayo kizazi kimoja kikiiacha, cha pili hakitakuwa na wa kumfundisha.

Wa kufanya nini

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti masoko, leseni za biashara, biashara ya haki, utalii wa ndani na vyama vya ushirika. Mwananchi anayedanganywa au kikundi cha mafundi kinachotaka kusajili ushirika kina mahali pa kwenda, na kiende, kidai huduma.

Yaliyobaki hayahitaji ofisi. Mwelekezi amwulize mgeni asubuhi, kabla ya safari: unataka duka, au unataka kumwona fundi? Dereva ataje nauli yake na aipokee bila kujificha. Mwenye hoteli aache kadi ya mafundi mezani. Fundi abandike jina lake. Na mkazi wa Frere Town mwenye harusi mwezi ujao anunue mkeka na kawa kwa mama wa barazani, badala ya kusubiri watalii wawe ndio wateja pekee wa kazi ya jirani yake. Mcheza kwao hutunzwa.

Tuktuk kutoka Kengeleni hadi Bombolulu ni mwendo mfupi. Changamwe ni kuvuka daraja la Nyali, kupita mjini, kisha Makupa. Fundi yupo kazini.